Mtandao wa Wafanyakazi Wenye Ulemavu Ulipogeuzwa Dawati la Maombi: Uchambuzi wa Kisa

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kampuni ya bima yenye makao makuu na matawi kadhaa. Mambo yalipotulia niliombwa kuupitia mchakato mzima. Nilisoma barua na kumbukumbu za vikao, nikazungumza na wote waliokuwa tayari kuzungumza. Majina hayatajwi, vyeo vimebadilishwa kidogo, na lolote ambalo lingemfanya mtu atambulike limeondolewa.

Kampuni ilikuwa na sera ya ulemavu iliyoandikwa vizuri. Ilitaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, na Ibara yake ya 27 inayohusu haki ya kufanya kazi. Hata hivyo, waliojiandikisha rasmi kuwa na ulemavu walikuwa wachache mno, na wote walikuwa watu ambao ulemavu wao unaonekana kwa macho. Menejimenti iliichukua idadi hiyo kuwa ndiyo hali halisi, ikapanga mambo yake kwa kuitegemea.

Hapo ndipo pa kuanzia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mtu 1 kati ya 6, wanaishi na ulemavu wa kiwango kikubwa. Hali nyingi kati ya hizo hazionekani kwa kumtazama mtu: kifafa, usikivu unaofifia, maumivu ya kudumu, matatizo ya afya ya akili. Wengine waliajiriwa wakiwa hawana ulemavu wowote, ukawakuta wakiwa kazini. Daftari likiwa karibu tupu, maana yake ni kwamba watu hawajaona faida ya kujitaja, au wamepima wakaona kujitaja kutawagharimu.

Mtandao ulianzishwa na Bi. T., mchakataji madai mwandamizi mwenye usikivu hafifu. Alikuwa amechoka kuomba manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa, kwenye mikutano ya video upya kila wiki, kana kwamba wiki iliyopita hakuomba. Aliungana na Bw. K. wa uhasibu, anayetumia kiti mwendo, na wengine wachache. Mmoja wao alikuwa Bw. S., mwenye kifafa ambacho hakuwa amemwambia msimamizi wake. Menejimenti iliukubali mtandao na kumteua mkurugenzi mmoja kuwa mlezi wake. Haikuupa bajeti, haikuupa saa za kazi, wala hadidu za rejea zinazoeleza mtandao unaamua nini na haugusi nini. Karibu kila lililoharibika baadaye linaanzia kwenye mapengo hayo matatu.

Jaribio la dakika 40

Zilitangazwa nafasi za kazi katika idara ya madai. Kati ya walioomba alikuwamo Bi. N., asiyeona, mwenye shahada na uzoefu wa kazi za takwimu. Fomu ya maombi aliimaliza kwa taabu. Kisha akatumiwa jaribio la kompyuta la dakika 40, ambalo kila mwombaji alipaswa kulifanya kabla ya kuitwa kwenye usaili.

Alipolifungua tu alijua kuna tatizo, akaandika barua pepe kuomba muda wa ziada na maswali yanayosomeka. Anwani aliyoandikia ndiyo iliyokuwa kwenye tangazo, ila hapakuwa na mtu aliyepangiwa kuisoma. Dakika zilipokwisha jaribio likajifunga, na mfumo ukamtumia ujumbe kwamba hakufikia alama zinazotakiwa.

Habari zilimfikia Bi. T. kupitia mfanyakazi mmoja aliyesoma na Bi. N. Akalipeleka suala kwa meneja wa ajira, naye akamjibu, “Dada, mfumo ndio uliomtoa, sisi hatukumgusa.” Bi. T. hakubishana. Alimwomba akae kwenye kompyuta, azime skrini, awashe programu ya kusoma skrini, inayotamka kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, na alifanye jaribio lilelile. Walitumia NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na watu ambao wao wenyewe hawaoni.

Sauti ikaanza: “Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe.” Vitufe havikuwa vimewekewa majina, kwa hiyo programu haikuwa na la kusema zaidi ya kwamba hapo pana kitufe. Hati ya madai ambayo mwombaji alitakiwa kuisoma ilikuwa picha iliyopigwa kwa skana, haina neno hata moja ambalo programu ingeweza kulitamka. Swali la tatu lilitaka majibu yaburutwe kwa kipanya na kuachiwa kwenye visanduku, na kwa kibodi pekee haikuwezekana. Meneja aliishia hapo. Aliniambia kwamba hadi siku ile alikuwa akiamini jaribio la kompyuta ndiyo njia ya haki kuliko zote, kwa kuwa halimwoni mtu sura.

Kikao cha dharura kikawa na njia tatu mezani. Ya kwanza: Bi. N. apitishwe moja kwa moja hadi usaili. Bi. T. na Bw. K. ndio waliokuwa wa kwanza kuipinga, wakisema angeingia akiwa na alama ya kusaidiwa, na wenzake wangemkumbusha. Ya pili: aongezewe muda kwenye jaribio lilelile. Hii huonekana ya huruma, na kampuni nyingi huishia hapo, lakini mtu asiyeweza kusoma picha hawezi kuisoma hata akipewa siku nzima. Ya tatu: waulize upya jaribio linapima nini. Ndiyo iliyopita.

Jaribio la zamani lilisimamishwa kwa waombaji wote wa nafasi hizo. Badala yake kila mmoja alitumiwa mafaili matatu ya madai ya kubuni, nyaraka zote zikiwa katika maandishi yanayosomeka, aeleze lipi lilipwe, lipi likataliwe, lipi lirudishwe kwa mteja ili aongeze nyaraka, na kwa nini. Walipewa muda wa kutosha, na kila mtu alitumia vifaa alivyovizoea. Mkuu wa idara ya madai, ambaye mwanzoni alinung'unikia kazi ya kusahihisha, alikiri kwamba sasa anaona namna mwombaji anavyofikiri, jambo ambalo alama za jaribio la zamani hazikuwahi kumwonyesha.

Mtandao uliomba mambo mengine mawili. Matangazo ya kazi yapitiwe: lile la nafasi za madai lilidai leseni ya udereva kwa kazi ambayo mtu haondoki mezani, na “afya njema ya mwili” bila kueleza ya kufanyia nini. Vyote viwili vikafutwa. Pili, swali la “Je, una ulemavu?” litoke kwenye fomu, na mahali pake paulizwe: “Je, kuna marekebisho unayohitaji ili ushiriki vizuri katika hatua hii?” Tofauti ni kubwa. Swali la kwanza linamtaka mtu atoe siri yake kwa watu asiowajua kabla hawajamwahidi lolote. La pili linauliza kinachohitajika, na ugonjwa wake linauacha kwake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inamkataza mwajiri kuuliza habari za ulemavu kabla hajatoa ofa ya kazi, na sheria ya usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 nayo imeyabana maswali ya afya katika hatua hiyo.

Bi. N. aliyafanyia kazi mafaili yale matatu, akashindanishwa na wengine, akaitwa kwenye usaili, akaajiriwa.

Ameajiriwa, mfumo haumsomi

Siku ya kwanza alikuta kompyuta isiyo na programu ya kusoma skrini. Idara ya TEHAMA ilikuwa na kanuni inayokataza programu yoyote ambayo haijapitishwa kiusalama, na ombi lake likapangwa kwenye foleni moja na maombi ya vipaza sauti na vipanya vipya. Wiki zikapita. Programu ilipowekwa, barua pepe na nyaraka zikasomeka vizuri, lakini mfumo wa madai ukasomeka nusu. Orodha ya madai aliipitia bila shida. Dirisha la kuidhinisha malipo halikufikika kwa kibodi.

Mzabuni wa mfumo alitaka malipo ya ziada kulirekebisha dirisha hilo. Meneja wa idara alisita, na sababu yake naiheshimu kwa sababu aliisema wazi: fedha zingetoka kwenye bajeti yake, mwisho wa robo mwaka angeonekana amezidisha matumizi, na wakuu wa idara nyingine wasingekuwa na mzigo huo. Utaratibu wenyewe wa fedha ulikuwa unamwadhibu meneja anayeajiri mtu mwenye ulemavu.

Ikatafutwa njia ya mkato. Bi. N. alichambua dai na kuandika uamuzi, kisha jirani yake akabonyeza kitufe cha kuidhinisha. Kila mtu aliona wema hapo. Mkaguzi wa ndani aliona malipo yanayoidhinishwa na mtu ambaye hakuyachambua, akaandika hoja ya ukaguzi, na dirisha likawekwa kwenye orodha ya marekebisho ya haraka. Inaniuma kwamba maombi ya Bi. N. mwenyewe, yaliyokuwa mezani kwa wiki nyingi, hayakuwa na uzito wa hoja ile moja. Alisema hivi: “Nilikuwa na kazi, lakini saini ilikuwa ya mwingine.”

Siri inavuja

Mafanikio ya ajira ya Bi. N. yaliipa idara ya rasilimali watu wazo ambalo juujuu lilikuwa la heshima: kwa kuwa mtandao unaelewa mambo haya kuliko sisi, maombi yote ya marekebisho ya kazi yapitie kwa mwenyekiti wake. Hakuna aliyeandika uamuzi huo. Ulianza kwa barua pepe zinazoishia na “tafadhali wasiliana na Bi. T.” hadi ukawa ndio utaratibu.

Ndani ya muda mfupi Bi. T. alikuwa na faili la Excel lenye majina ya wenzake, hali zao za kiafya na wanachokiomba. Alilihifadhi mahali ambapo wajumbe wa kamati wangeweza kulifungua, maana hakuwa na mahali pengine. Hakuwa na mafunzo ya kutunza taarifa za siri, wala mamlaka ya kumwagiza meneja yeyote. Alichoweza ni kubembeleza. Na madai yake mezani yaliendelea kuhesabiwa kama ya kila mtu.

Bw. S. aliomba jambo dogo: asipangiwe zamu ya usiku na ya asubuhi zikifuatana, kwa kuwa kukosa usingizi ni kati ya mambo yanayoweza kuchochea degedege. Zamu za usiku zenyewe hazikumsumbua akipata kulala. Dawa zilikuwa zimeidhibiti hali yake kwa miaka. Mjumbe mmoja wa kamati, akitaka kumsaidia, alimdokeza msimamizi wa zamu. Msimamizi naye, akitaka kumlinda, alimwondoa Bw. S. kwenye zamu zote za usiku bila kumuuliza. Posho ya zamu ikakatika. Wenzake, waliolazimika kuzibeba zamu zile, wakauliza sababu, na sababu ikatajwa kwenye chumba cha kupumzikia.

Bw. S. alijitoa kwenye mtandao siku hiyohiyo, na waliokuwa wakijiandaa kujitaja wakanyamaza. Tathmini ya utendaji ya mwaka ilipofika, Bi. T. alikuta ameandikwa kwamba idadi ya madai aliyoyachakata imeshuka. Kazi ya mtandao, iliyokula saa zake za mchana na jioni, haikuwa na mstari hata mmoja kwenye fomu.

Maamuzi ya awamu ya pili

Bw. K. ndiye aliyeandika barua kwa mlezi wa mtandao. Ilikuwa fupi na haikumlaumu mtu. Ilisema mtandao hautapokea tena ombi la mtu binafsi, na ikataja kazi unazoomba kupewa badala yake. Mlezi, ambaye hadi hapo alikuwa akihudhuria sherehe tu, aliibeba hadi kwenye kikao cha wakurugenzi.

Walikubaliana kwamba maombi binafsi yaende kwa mshauri mmoja wa rasilimali watu, aliyepewa mafunzo na kuwekewa muda wa kujibu. Msimamizi aambiwe marekebisho yanayotakiwa, asiambiwe ugonjwa, isipokuwa mhusika mwenyewe akitaka. Lililozua mjadala mkali ni swali la usalama: je, wenzake Bw. S. hawapaswi kujua la kufanya akianguka? Jibu lililopita ni kwamba mafunzo ya huduma ya kwanza, yakiwemo ya kumhudumia mtu mwenye degedege, yatolewe kwa kila zamu, pasitajwe mtu. Nadhani huo ndio uamuzi bora wa kisa chote. Usalama ulipatikana, na siri haikuguswa.

Gharama za marekebisho zikahamishiwa kwenye mfuko mmoja wa kampuni, ili meneja asilipe kutoka mfukoni mwa idara yake. Mtandao ukapewa nafasi katika manunuzi: programu yoyote mpya inayotumiwa na wafanyakazi ijaribiwe kwanza kwa kibodi na kwa programu ya kusoma skrini, na mkataba utaje vigezo vya WCAG, miongozo ya kimataifa ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti na programu, ambayo toleo lake la 2.2 lilitolewa mwaka 2023. Saa za wajumbe wa kamati zikaingizwa kwenye malengo yao ya mwaka, na tathmini ya Bi. T. ikarekebishwa.

Matokeo

Bi. N. alimaliza kipindi cha majaribio, akathibitishwa kazini. Dirisha la kuidhinisha lilirekebishwa, ingawa sehemu ya ripoti za mfumo huo bado haisomeki. Bw. S. alirudishiwa zamu za usiku na posho, kwa mpangilio alioomba tangu awali, akaombwa radhi kwa maandishi. Hakurudi kwenye mtandao, na sioni sababu ya kumtegemea arudi. Bi. T. aliachia uenyekiti, akabaki mwanachama. Waliojiandikisha kuwa na ulemavu waliongezeka polepole, wengi wao kupitia kwa mshauri na si kupitia mtandao.

Uchambuzi

Mtandao ulikuwa na nguvu pale ulipozungumzia mchakato unaomgusa kila mtu: jaribio, tangazo, fomu, mkataba wa programu. Hapo wanachama walitoa ujuzi ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, na hawakuhitaji kumtaja mtu. Uliharibika ulipoingizwa kwenye shida za mtu mmojammoja. Kushughulikia ombi la mfanyakazi ni wajibu wa mwajiri, na wajibu huo haukabidhiwi kwa watu wanaojitolea. Ibara ya 2 ya Mkataba wa 2006 inahesabu kumnyima mtu marekebisho anayostahili kuwa ni ubaguzi, mradi marekebisho hayo hayamletei mwajiri mzigo usio na uwiano. Anayewajibika kujibu ni yule mwenye mamlaka ya kukubali au kukataa. Bi. T. hakuwa nayo.

Wengi niliozungumza nao walilitaja faili la Excel kuwa ndilo kosa. Siafiki. Hata lingefungwa kwa nywila, bado mfanyakazi angelazimika kumweleza mwenzake wa meza ya pili habari za mwili wake ili apate anachostahili, na mwenzake huyo huenda kesho akawa bosi wake au mshindani wake wa cheo. Ulinzi wa faili ungepunguza uvujaji. Mpango wenyewe ungebaki na kasoro.

Kwa upande wa ajira, kilichofaa ni kubadili kipimo kwa waombaji wote. Kampuni ikimtengenezea mtu mmoja mlango wa pembeni, mwombaji wa pili mwenye ulemavu ataukuta umefungwa na itabidi aanze upya kuomba. Baada ya mabadiliko yale, mwombaji mmoja mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, alipita hatua ile bila kumwomba mtu lolote. Kampuni ilijua habari zake baadaye, alipoamua kuzisema.

Lililokosekana ni kuunganisha ajira na vifaa. Tangu siku ofa ya kazi ilipotolewa hadi Bi. N. aliporipoti, kulikuwa na muda wa kutosha wa kumuuliza anatumia programu gani na kuijaribu kwenye mfumo wa madai. Hakuna aliyepewa kazi hiyo: ajira waliona wamemaliza, TEHAMA hawakuwa wamearifiwa, idara ya madai ikangoja. Sasa mshauri hufungua suala hilo siku ofa inapokubaliwa, na mfanyakazi mpya huitwa kujaribu mifumo kabla ya kuanza. Ningeongeza jambo moja ambalo kampuni bado hailifanyi: NVDA na programu nyingine za aina hiyo zipitishwe kiusalama mapema, ziwe kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa hata kama leo hakuna anayezihitaji.

Kuhusu wema wa watu nina neno. Jirani aliyembonyezea Bi. N. kitufe, mjumbe aliyedokeza, msimamizi aliyebadili zamu: wote walitaka kusaidia, na kila mmoja alimnyang'anya mwenye shida yake nafasi ya kuamua. Bw. S. alijua hasa anachohitaji, na kingeandikwa kwa sentensi moja. Mafunzo ya wasimamizi yaliyofuata yalijaa maelezo ya aina za ulemavu, na nadhani muda mwingi wa mafunzo hayo ungetumika vizuri zaidi kuwazoesha kuuliza swali moja, “Unahitaji nini ili kazi yako iende?”, kisha kulisikiliza jibu na kulitekeleza jinsi lilivyo.

Matawi bado hayajafikiwa. Saa za kamati zinahesabiwa kwa wafanyakazi wa makao makuu tu, kwa hiyo kamati yote ni ya makao makuu, na mifumo inayojaribiwa ni ile inayotumika huko. Mhudumu wa kaunta ya tawi mwenye usikivu hafifu hana bado mahali pa kusema kwamba kioo kinachomtenganisha na wateja kinamzuia kusoma midomo yao. Bw. K., mwenyekiti mpya, ameomba kila tawi litoe mjumbe mmoja na saa zake zihesabiwe kama za wenzake. Nilipomaliza mapitio, ombi hilo lilikuwa limepangwa kwenye kikao cha bajeti cha mwaka unaofuata.